Asante dada wa jikoni, sikuuliza hata jina lako

Jamani naomba niseme hili maana limenikaa rohoni. Mama yangu alipata kiharusi huku Uingereza tukampeleka makao ya wazee, kumeza ikawa shida, maji tu ya kawaida yanampalia anakohoa mpaka machozi, na daktari akatwambia chakula kikipita njia ya hewa kikaingia mapafuni kinaweza kuleta nimonia. Akawekwa levo 4 ya chakula cha wenye shida ya kumeza, yaani kila kitu kisagwe kiwe laini kabisa, hakuna bonge, hakuna kutafuna.

Sasa wiki za kwanza alikuwa analetewa uji uji wa rangi moja, hajui ni nyama au karoti, akawa anafunga mdomo tu. Akakonda.

Wewe dada ukaja ukaniuliza kwao anakula nini. Nikakwambia samaki wa nazi, maharage, mchicha. Kesho yake ukasaga kila kimoja peke yake, ukachuja miba na maganda, ukainamisha kijiko nikaona chakula kinadondoka bonge moja bila kunata wala kuchuruzika, ukasema hapo ndo salama. Ukamkalisha wima, ukamlisha kijiko kidogo kidogo unasubiri ameze kwanza, na baada ya kula hukumlaza, ulimwacha amekaa kama nusu saa hivi.

Mama alionja mchuzi ule akasema "nazi hii". Maneno mawili tu, nililia palepale.

Mungu akulipe dadangu, popote ulipo.