YAH: MLITUUZIA TUZO YA GRAMMY AMBAYO HAMKUWA NAYO

Igoma, Mwanza
6/2/2024

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Lugha ya kiofisi mtanisamehe maana nina hasira na usingizi bado naudai.

Wiki nzima iliyopita mlikuwa mnatusumbua na lile tangazo lenu, sura za wanamuziki Burna Boy, Davido, Ayra Starr, Asake na Tyla zimepangwa pale, li sauti linanguruma eti Afrika inagombea Grammy, Jumapili usiku, laivu, panda kifurushi cha juu cha king'amuzi usikose. Basi nikapanda. Nikalipia kwa simu palepale, hela yenyewe ilikuwa ya gesi, nikaita watu, shemeji yangu akatoka Kisesa na wenzake, tukawekeana na sato wa kuchoma kabisa, yeye Burna wa Nigeria mimi Tyla wa Sauzi. Na kwa mgao huu tulionao umeme siku hiyo wala haukukatika, kwa hiyo msije mkaanza kusingizia huko.

Tumekaa weee, saa tano, saa sita, nyie mnaonyesha tamthilia ya marudio. Mara mtoto wa dada akashtuka na simu yake, status za watu wote ni Tyla, Tyla, Tyla, kabeba tuzo na wimbo wake wa Water. Sebule nzima ikanigeukia mimi mwenye king'amuzi. Nikapiga kastoma kea, baada ya ule muziki wenu wa kusubirisha akapokea kijana, mpole kweli sikatai, akaniambia "mpendwa mteja hizo ni tetesi za mitandaoni tu, kipengele cha Afrika utakiona laivu ndani ya shoo kuanzia saa kumi alfajiri, endelea kufurahia huduma zetu." Tetesi! Mtu kashatangazwa mshindi huko Los Angeles nyie mnaita tetesi. Ila kwa kuwa kampuni ndo imesema, nikawazuia wageni wasilale.

Tukakesha mpaka kunakucha. Hicho kipengele hakikutokea, na kisingeweza kutokea, maana nimefuatilia. Grammy mwaka huu ina vipengele 94, kwenye shoo ya TV vinatolewa kama kumi hivi, vilivyobaki vyote vinagawiwa mapema kwenye hafla nyingine mchana wa kule, ambao kwetu ni usiku, na hiyo hafla inarushwa YouTube BURE. Kipengele cha muziki wa Afrika, ambacho ndo kwanza kimeanza mwaka huu, kilikuwa huko. Kwa hiyo kitu mlichonitoza hela ningekiona kwa bando la buku, na nyie kazi yenu ni televisheni, ratiba mnaletewa mapema, mtaniambiaje hamkujua?

Simaanishi shoo ilikuwa mbaya, hapana. Mshereheshaji Trevor Noah alichekesha, Burna Boy kupanda jukwaa kubwa lile na Brandy na 21 Savage shemeji nusura avunje stuli. Lakini hata hapo mkaharibu. Mama yangu alikuwa ameshaamka kusali, akapita sebuleni, ghafla Tracy Chapman huyo na gitaa lake na Luke Combs pembeni, mama akaweka kikombe cha chai chini akakaa, mwanamke ambaye hata kuonekana jukwaani ni nadra siku hizi, na mama anamjua toka enzi za kanda. Haijafika katikati ya wimbo mkakata mkaweka tangazo. La nini? La kifurushi kilekile nilichokwisha kulipia. Mliporudi watu wanapiga makofi, wimbo umeisha. Mama akanyanyua kikombe chake akaondoka bila kusema neno na mimi ndo nikaona aibu badala yenu.

Kuhusu Watanzania kukosekana kwenye yale majina matano ya wagombea wa kipengele cha Afrika, hilo tulishalia toka Novemba na halihusiani na nyie.

Jana nilienda kwa wakala wenu mjini, kaniambia kifurushi kikishapanda hakishuki mpaka mwezi uishe na malalamiko niandike, ndo haya naandika. Nataka tofauti ya hela ya kifurushi irudi kwenye simu yangu, namba ya king'amuzi mnayo tayari, nilimtajia yule kijana usiku ule akaniambia simu zinarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, haya kaisikilizeni. Pia mtoe hilo tangazo, maana mpaka leo mchana naandika hapa bado linapita na Tyla yumo, sasa hivi mnamuuzia nani na tuzo kashabeba?

Kesho Nigeria na Sauzi wanakutana nusu fainali ya AFCON na shemeji anakuja tena kutafuta kisasi cha Grammy. Mechi hiyo nimewaambia wote tunaenda kuangalia kibanda umiza.

Nasubiri majibu ndani ya wiki hii, na sio ile meseji ya "tumepokea maoni yako".

Mteja wenu (kwa sasa),
Igoma