Panenka ni jina la mtu

Mhariri,

Miaka yote nasoma ukurasa wako wa michezo na kunyamaza, lakini ile habari ya penalti iliyodakwa imenishinda. Mwandishi wako kasema panenka, yaani ile penalti ya kuchota mpira taratibu katikati ya goli, ni neno la Kihispania, maana yake dharau. Si kweli hata kidogo.

Ni jina la ukoo la Antonín Panenka, kiungo wa Bohemians ya Prague. Tarehe 20 Juni 1976, Belgrade, fainali ya mataifa ya Ulaya iliisha 2–2, zikaja penalti. Hoeness wa Ujerumani Magharibi akapaisha juu ya goli. Panenka akapiga ya tano ya Chekoslovakia: kipa wao Sepp Maier karuka kushoto, mpira ukachotwa taratibu katikati ya goli, 5–3. Kwa Kicheki neno hilo ni mwanasesere, tena ni mboni ya jicho, kwa kile kijitu unachokiona ukimtazama mwenzio machoni kwa karibu. Buchani kwao ukitaja panenka unafungiwa steki laini ya nguruwe. Dharau iko wapi hapo?

Madhara ya kosa hilo tumeyaona kiwanjani hapa Moshi. Kijana wa chini ya miaka 15 kaenda kwenye mpira kwa madaha, kausukuma katikati, kipa hakuinua hata kisigino, kaudaka kifuani kama chungwa. Kuulizwa, anasema gazeti limeandika kipa anadharauliwa. Hapana! Kipa anadanganywa, na hadanganyiki asipoamini kuwa shuti linakuja. Kimbia kwa kasi ile ile ya shuti mpaka hatua ya mwisho. Ukipunguza mwendo mapema kakusoma, anabaki kasimama. Mguu wa kuegemea uwe ubavuni mwa mpira, ncha ya kiatu ipite chini yake, kisha mguu ukome hapo, usiufuate mpira. Ukilalia nyuma unagonga mtambaa panya, kama Zidane wa Ufaransa mbele ya kipa Buffon wa Italia, fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2006, ila mpira wake ulidundia ndani. Na ukimaliza kukimbia halafu ukazuga kupiga, ni kadi ya njano.

Fosbury, yule mruka juu wa Marekani, naye mmemharibu. Mlimsifu mwanafunzi aliyeruka juu kwa mgongo akaangukia mchanga, mkaandika "staili ya fosburi". Dick Fosbury aliruka mita 2.24 Mexico City mwaka 1968 akiangukia godoro nene. Kwenye mchanga mtoto aruke mkasi, mguu mmoja baada ya mwingine, ashuke kwa miguu, la sivyo atavunjika shingo.

Naomba dawati la michezo linunue daftari moja kubwa la kaunta buku, lichorwe safu tatu: jina, mwenye jina, mwaka. Jina lisilomo humo lisichapwe kabla kocha mmoja hajapigiwa simu. Mstari wa kwanza uwe: panenka, Antonín Panenka, 1976.

Kocha wa vijana,
Moshi