Barua kwa mwalimu anayetaka kutengeneza filamu za jamii

Tabata,
Dar es Salaam.

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na familia yako. Sisi huku hatujambo, ingawa masika ya mwaka huu yametusumbua.

Katika barua yako uliniuliza iwapo miaka uliyofundisha Jiografia itakuwa imepotea bure utakaposhika kamera na kuanza kutengeneza filamu za hali halisi kuhusu maisha ya mitaani. Nakuhakikishia kwamba haitapotea hata kidogo, kwa kuwa kazi hii inamhitaji mwalimu kuliko inavyomhitaji fundi wa mitambo. Kamera utajifunza. Kuuliza swali na kisha kunyamaza hadi mtu apate maneno yake mwenyewe ni jambo ambalo wengi hawaliwezi, nawe umelifanya darasani tangu ulipoajiriwa.

Nililiona hilo nilipofanya kazi na wakazi wa Bonde la Msimbazi waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Kamera ilipowashwa, karibu kila mtu alizungumza kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Ilibidi tukae nao, tuwaache waendelee kukaanga mihogo na kufua, mpaka mama mmoja alipoanza, bila kuulizwa, kutuonyesha ukutani mahali maji yalipofikia, akieleza ni kitu gani alikiokoa kwanza na kwa nini alikataa kuhama mbali na wateja wake. Maelezo yake yalinifundisha kuhusu makazi ya mabondeni mambo ambayo hayakuwamo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Ukitaka mfano wa zamani, soma habari za kisiwa cha Fogo, huko Newfoundland nchini Kanada. Mwaka 1967, wakati kulikuwa na mpango wa kuwahamisha wakazi, mwongozaji Colin Low alirekodi filamu fupi zaidi ya 20 za wavuvi wakieleza hali yao, akawaonyesha wao kwanza, na baadaye zikaonyeshwa kwa wakubwa wa serikali. Waziri wa uvuvi wa jimbo naye alirekodiwa akiwajibu. Wakazi wale hawakuhamishwa, na walianzisha chama chao cha ushirika. Sidhani kwamba filamu peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, ila iliwawezesha watu wa vijiji vilivyotengana kusikilizana.

Hata sisi tunao urithi wa namna hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilitoa somo, lakini mjadala ndio uliowatoa watu vitini. Kwa sababu hiyo mimi huona kwamba filamu ya jamii isiyofuatiwa na mazungumzo imefika nusu ya safari tu.

Kuhusu taratibu sitakuchosha: jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe, na uombe kibali Bodi ya Filamu mapema, kwani sheria ya mwaka 1976 inakitaka. Fedha ni chache, na baadhi ya wafadhili watataka kila hadithi imalizike kwa shukrani kwao. Wakatalie kwa adabu, hata kama utalazimika kuendelea kufundisha masomo ya jioni ili upate nauli.

Jambo ambalo nakusihi usilipuuze ni kuonyesha rasimu mtaani kabla ya kuipeleka kwenye tamasha lolote. Tafuta projekta, spika na shuka jeupe, uwaalike watu baada ya Magharibi, na uwape nafasi ya kusema kipande gani kiondolewe. Tulipoonyesha yetu, yule mama aliomba tutoe sehemu iliyoonyesha kitanda cha mgonjwa wake. Alikuwa ametia saini ya ridhaa, lakini alipoiona picha mbele ya majirani moyo wake ulibadilika, nasi tuliiondoa siku iliyofuata ingawa ndiyo iliyokuwa picha nzuri kuliko zote.

Nitumie rasimu yako ya kwanza, na uniandikie pia yale watakayoyasema watu wa mtaani kwako watakapoitazama.

Wasalaam,
Mwalimu mwenzio