Malipo ya kuhifadhi udongo yamfikie anayelima

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu pendekezo kwamba serikali iwalipe wakulima wa Kabare na Walungu, huku Kivu Kusini nchini Kongo, ili miteremko ipumzishwe na kupandwa miti, kama inavyofanyika Marekani. Naliunga mkono kwa moyo wote, lakini kuna swali ambalo mwandishi hakuligusa, nalo kwetu Bushi, nchi ya Washi, ndilo linalotangulia mengine: fedha hizo zitaingia mkononi mwa nani?

Mpango wa Marekani ulitokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1985. Mwenye shamba hutia sahihi mkataba wa miaka 10 hadi 15, huacha kulima sehemu inayomomonyoka, hupanda majani au miti, na kila mwaka serikali humlipa kodi ya ardhi hiyo. Kwa kuwa kaunti isiyolimwa humkosesha kazi hata muuza mbegu, mpango kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi asilimia 25 ya ardhi ya kilimo ya kaunti moja. Tena sheria iliagiza kwamba wapangaji walindwe na wagawiwe malipo kwa haki, mwenye ardhi asije akala peke yake.

Hapo ndipo penye shida yetu. Aliye na kalinzi, yaani haki ya kudumu inayotoka kwa Mwami, mtawala wetu wa jadi, mara nyingi siye anayeshika jembe. Anayelima ni mwenye bwasa, aliyekodi kipande kwa msimu mmoja au miwili, na kwa desturi haruhusiwi kupanda mti wala mgomba, kwa sababu mmea wa kudumu huonekana kama dai la kudumu. Mtu huyo atatiaje sahihi mkataba wa miaka 10?

Mama yangu mdogo alikodi hivyo mteremko mmoja Kabare. Mvua za Novemba zilikuwa zikiacha mizizi ya maharagi wazi, na mfereji ambao mwanzoni ungeuruka bila kufikiri ukafika kina cha magoti. Akachimba mitaro kuukingama mteremko, akapanda seteria, nyasi za kulisha mifugo, kwenye kingo zake, na majani yake akawakatia mbuzi. Baada ya misimu mitatu udongo ulitulia na maharagi yakazaa vizuri. Msimu wa nne mwenye shamba akalichukua. Mama hakulipwa hata siku moja ya jembe lake, na seteria ile sasa inalisha ng'ombe wa mtu mwingine. Inaniuma kila nipitapo pale.

Kwa hiyo naomba malipo yatolewe kwa mtaro uliochimbwa na kukaguliwa baada ya mvua, wala si kwa ardhi iliyoachwa tu, maana familia yenye kipande kisichofika hekta moja haiwezi kukiacha bila kulala njaa. Marekani kwenyewe, tangu sheria ya mwaka 1996, kuna mpango mwingine unaochangia gharama za mkulima anayehifadhi udongo huku akiendelea kulima, na huo ndio unaotufaa zaidi. Muda wa bwasa nao urefushwe ulingane na mkataba, na orodha ya watakaolipwa ibandikwe hadharani kijijini, jina la mwenye kalinzi na la mwenye bwasa yakiwa kwenye mstari mmoja.

Msomaji wenu,
Bukavu