Mwanangu, lisikilize swali mpaka mwisho

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nimesimama, nikaurudia nimekaa. Umechaguliwa kushiriki kile kipindi cha maswali cha televisheni. Baba yako ameshamwambia kila aliyepita mlangoni, na mdogo wako anazunguka nyumba nzima akiiga sauti ya mtangazaji. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema, na haya yanayofuata hayaipunguzi furaha hiyo hata chembe. Lakini mnarekodi Alhamisi, na kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza sentensi. Ndiyo maana naandika.

Na ndilo hilo linaloninyima usingizi. Husikilizi mpaka mwisho. Swali likifika katikati, wewe umeshajibu. Yale ya mashindano ya shule unayajua mwenyewe, siyarudii. Kujua, unajua. Sijaona mtoto mwenye kichwa kilichobeba vitu vingi kama chako, tena nasema hivi nikijua ukisoma utavimba kichwa. Hofu yangu ni kwamba utatoka pale kwa swali ambalo jibu lake unalo.

Chukua swali la mlima. Mtangazaji akianza tu, "Ni mlima upi duniani...", wewe umeshafika Everest, na hata urefu wake unao: mita 8,848.86, ule uliotangazwa na Nepal na China mwaka 2020. Sasa tuseme swali linaishia hivi: "...ambao kilele chake kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia?" Hapo si Everest. Ni Chimborazo wa Ekuador, mlima wa mita 6,263 tu kutoka usawa wa bahari, ila umekaa karibu na ikweta, na dunia imetuna pale kwenye ikweta, kwa hiyo kilele chake kimesukumwa nje zaidi. Au tuseme linaishia: "...mrefu zaidi ukipimwa kutoka kwenye msingi wake hadi kileleni?" Hapo ni Mauna Kea wa Hawaii. Juu ya maji una mita 4,207, lakini ukihesabu na sehemu iliyozama baharini unapita mita 10,000. Mwanzo wa swali ni uleule, majibu ni matatu. Mtunga maswali anajua watu husikia nusu, na fedha ameiweka kwenye nusu ya pili.

Maswali ya "wa kwanza" ndiyo mabaya zaidi kwako, maana neno "kwanza" likitamkwa tu unaruka. Mtu wa kwanza kwenda anga za juu ni Gagarin, Aprili 1961, sawa. Lakini Mmarekani wa kwanza ni Alan Shepard, mwezi uliofuata, naye hakuizunguka dunia. Mmarekani wa kwanza kuizunguka ni John Glenn, Februari 1962. Mwanamke wa kwanza ni Tereshkova, 1963. Vivyo hivyo na Nobel: Mwafrika wa kwanza kupata ya Amani ni Albert Luthuli, wa mwaka 1960, wa kwanza kupata ya Fasihi ni Soyinka, 1986, mwanamke Mwafrika wa kwanza kupata ya Amani ni Wangari Maathai, 2004. Na wakisema "mtu huyu maarufu alizaliwa Zanzibar", tafadhali usilipuke na jina la Gurnah kwa sababu tu ya Nobel yake ya 2021. Freddie Mercury naye alizaliwa Zanzibar. Ngoja wamalize. Huenda wanauliza mwimbaji.

Baba yako anasema uharaka huo umeuokota humuhumu nyumbani, kwa mtu fulani aliyekuwa akipiga makofi kabla swali halijaisha. Tuyaache hayo.

Umeniambia raundi ya kwanza ni ya kubonyeza kitufe. Uliza kanuni ya kitufe chenu mapema, kabla taa hazijawashwa, na uliza mpaka uelewe. Kwenye Jeopardy!, kipindi cha maswali cha Marekani, kwa mfano, kitufe hakifanyi kazi mpaka mtangazaji amalize kusoma na taa za pembeni mwa ubao ziwake. Ukibonyeza kabla ya hapo unafungiwa nje kwa robo sekunde. Robo sekunde inaonekana si kitu, lakini inatosha mwenzako kukupita. Kwa hiyo mwenye haraka ndiye anayechelewa. Ken Jennings aliyeshinda michezo 74 mfululizo kwenye kipindi hicho mwaka 2004 alikuwa na maarifa, hilo halina ubishi, lakini watu wenye maarifa kama yake walisimama kando yake wakabonyeza kabla ya wakati au baada yake. Yeye alijua muda wa kubonyeza.

Tena usisikilize swali peke yake, sikiliza na wenzako. Februari 2011 kompyuta iitwayo Watson ilicheza Jeopardy! na Jennings huyohuyo na bingwa mwingine, Brad Rutter. Kwenye swali moja Jennings akajibu kosa, akisema ni miaka ya ishirini. Watson nayo ikarudia jibu lilelile lililokwisha kukataliwa, kwa kuwa haikuwa na njia ya kumsikia. Baadaye, kwenye swali la mwisho la siku, kundi likiwa ni miji ya Marekani, ikaandika Toronto. Toronto iko Kanada. Jibu lilikuwa Chicago. Mashine yenye maktaba nzima tumboni! Mwishowe ilishinda, najua utaniambia hivyo, lakini wewe huna maktaba hiyo, una masikio. Yatumie.

Halafu majibu yanayobadilika. Ile ensaiklopidia uliyosomea ilishapitwa na wakati hata siku ilipoingia humu ndani, na ndiyo iliyopatikana. Ndani yake Pluto bado ni sayari, ilhali iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Sudan ni nchi moja, na Sudan Kusini ilijitenga Julai 2011. Swaziland bado ni Swaziland, wakati ni Eswatini tangu 2018. Mji mkuu wa Burundi umeandikwa Bujumbura, na sasa mji mkuu wa kisiasa ni Gitega. Kuhusu miezi inayoizunguka sayari ya Zohali usinitajie kabisa namba ya kitabu kile. Mwaka 2025 ilifika 274. Mambo uliyoyasoma ukiwa mdogo ndiyo yanayotoka mdomoni haraka kuliko yote, na ndiyo yaliyozeeka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuvuta pumzi kabla ya kujibu.

Sasa misaada unayoruhusiwa kuomba ukikwama. Ule wa simu ni sekunde 30 kwenye vipindi vingi vya aina hii, hata kama wenu wanaweza kuwa na kanuni yao. Mjomba wako alinuna kidogo aliposikia umemweka rafiki yako wa chuo na si yeye, lakini nimeongea naye na amekubali kuwa wa pili. Wa michezo abaki rafiki yako, wa historia awe mjomba. Ukimpigia usianze na shikamoo, nimeshamwambia asiisubiri. Msomee swali zima, halafu majibu yote manne, taratibu. Ukimsomea nusu naye atakujibu nusu. Mimi usiniweke. Nikisikia sauti yako pale nitakuuliza kama umelala vizuri, na muda utakwisha.

Kuna Mmarekani, John Carpenter, aliyekuwa wa kwanza kushinda milioni katika toleo lao la Who Wants to Be a Millionaire, Novemba 1999. Alifika swali la mwisho bila kutumia msaada wowote, kisha akaomba kumpigia baba yake. Watu wakadhani amekwama. Akamwambia baba yake kwamba hahitaji msaada, alitaka tu kumjulisha kuwa anakaribia kushinda. Baba yako anaipenda sana habari hiyo, anaisimulia kila mara. Mimi ninachoona humo ni kwamba alikuwa na utulivu wa kungoja. Swali lilihusu rais wa Marekani aliyewahi kutokea kwenye kipindi fulani cha vichekesho, Nixon, na alilisikiliza lote.

Hadhira nayo itumie mapema, kwenye mambo ambayo watu wengi wanayajua, kama michezo na muziki, wala usiifuate kama kipofu. Ufaransa kulikuwa na mshiriki aliyeulizwa ni kipi kinachoizunguka dunia. Akaomba msaada wa hadhira, wengi wakachagua Jua, akawafuata, akatoka. Mwezi ulikuwa palepale kwenye orodha. Kama unajua, unajua, hata ukumbi mzima ukisema vingine.

Na kama hujui, sema hujui, chukua ulichofikia uondoke. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu wewe hupendi kusema hujui. Kwenye Mastermind, kipindi cha maswali cha Uingereza, mshiriki anaruhusiwa kusema "pasi" na swali likapita, wala hakuna anayemcheka; hasara ni kwamba alama zikilingana, aliyesema pasi chache ndiye anayeshinda. Kwenu ngazi ni tofauti, ukikosea unaporomoka. Fedha uliyoifikia ni yako mradi hujaiweka tena mezani. Usifikirie sisi hapa nyumbani tumeihesabia nini. Hatujaihesabia kitu.

Moja la haraka, najua halikuhusu, lakini mimi ni mama yako. Akija mtu nyuma ya pazia akakudokeza jibu, mkatae na uende kwa wasimamizi. Marekani mwaka 1956 mwalimu wa chuo kikuu, Charles Van Doren, alishinda kwenye kipindi cha maswali cha Twenty-One kwa majibu aliyopewa kabla, nchi nzima ikimshangilia, na mpinzani wake Herb Stempel akiwa ameagizwa kushindwa kwa swali ambalo jibu lake alilijua. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge na kazi yake chuoni ikaishia hapo. Afadhali urudi mikono mitupu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi usisome. Nakujua, utataka kupitia bendera na miji mikuu mpaka saa nane. Yaliyoingia yameingia. Fanya zoezi hili badala yake: mwenzako akusomee maswali, nawe usifungue mdomo mpaka amalize na ulirudie swali kimoyomoyo. Hata kama ni la mtoto wa darasa la pili. Mdogo wako amejitolea kukusomea kwa simu, na nimemwambia akikatizwa akate simu.

Shati vaa lile la rangi moja, la mistari linacheza kwenye kamera. Viatu vyeusi nimempa dada yako, atakuletea Jumatano jioni pamoja na kitambulisho ulichokisahau kwenye droo. Bila kitambulisho hawatakuingiza, wameandika kwenye ile barua uliyonitumia, mstari wa mwisho kabisa. Nadhani hukuufikia.

Huku hatujambo. Paa la jikoni fundi amelipatia, halivuji tena, ila ameondoka na ngazi ya jirani na sasa naulizwa mimi. Televisheni inakatakata picha. Baba yako anasema ni waya wa antena, mimi nasema ni televisheni yenyewe, na lazima itengenezwe kabla kipindi chako hakijarushwa, kwa hiyo tuandikie tarehe mara tu ukiambiwa, tumwite fundi wake mapema. Mdogo wako anataka kujua kama atatajwa. Na ufunguo wa kabati la chumbani kwako siuoni. Kama uko mfukoni mwako mpe dada yako arudi nao, blanketi zote ziko humo.

Mama yako