Anayetungua ndege ya abiria asikabidhiwe ushahidi

Mhariri,

Kila ndege ya abiria inapotunguliwa, wapo wanaokimbilia kuuliza ilifuata nini huko. Swali hilo huniudhi, maana linawageuza marehemu kuwa watuhumiwa.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya kivita ya Kisovieti iliitungua ndege ya Korean Air Lines, safari namba 007, karibu na kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Umoja wa Kisovieti. Watu wote 269 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ulionyesha kwamba tangu ilipoondoka Anchorage kwenda Seoul, mtambo wa kuiongoza uliachwa ukifuata mwelekeo wa dira tu, ikapotoka njia hadi kuingia anga ya Kisovieti, na marubani hawakugundua kwa zaidi ya saa tano. Kosa la kibinadamu, basi. Ujasusi ambao Wasovieti waliudai haukuwepo.

Kinachonichoma zaidi ni kilichofuata. Serikali ya Kisovieti mjini Moscow ilivipata baharini visanduku vyeusi, yaani vinasa kumbukumbu za safari, ikavificha, ikakana. Ukweli ulitoka baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Karibu miaka kumi familia ziliishi na uvumi!

Mwaka 1984 Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa unaosimamia usafiri wa anga, uliongezewa ibara ya kuzuia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Ni hatua njema, lakini haitoshi. Nchi iliyofyatua kombora ilazimishwe kuwakabidhi wachunguzi wasiofungamana nayo visanduku, rekodi za rada na mazungumzo ya wanajeshi wake, mara tu vinapopatikana.

Msomaji wenu