Malalamiko kuhusu modeli za shina la ubongo zenye neva mahali pasipo pake

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: MODELI SITA ZA SHINA LA UBONGO ZILIZOKOSEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa anatomia. Muhula huu tulinunua kwenu modeli sita za shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, ili wanafunzi wajifunze neva za fuvu, yaani jozi 12 za neva zinazopita kwenye matundu ya fuvu, huchomoza wapi. Zilifika salama, bila ufa wala mkwaruzo. Kasoro iko kwenye kile hasa tulichozinunulia.

Nianze na neva ya 4, troklea. Katika neva zote za fuvu, ni hii peke yake inayochomoza nyuma ya shina la ubongo, chini ya vinundu viwili vya chini vya ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina hilo. Nyuzi zake huvuka kwanza kwenda upande wa pili, kisha neva yenyewe, nyembamba kuliko zote, huzunguka ubavuni hadi mbele. Kwenye modeli zenu tundu limetobolewa mbele, kando ya neva ya 3, na uzi wa njano umegundishwa humo. Niligeuza modeli zote sita nikapapasa nyuma kwa ncha ya kibano. Pote ni laini, hakuna hata alama.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye bidii sana, aliitafuta neva hiyo upande wa mbele wa ubongo halisi uliohifadhiwa, mwishowe akaniambia imekatika. Ilikuwepo, nzima, nyuma. Nilipomwonyesha alinyamaza, kisha akauliza ni kipi kingine alichokariri vibaya. Swali hilo liliniuma, nikakaa jioni nzima na modeli yenu nikikagua neva moja moja.

Kosa zito kuliko yote nililikuta kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo. Mbele, karibu na mstari wa kati, kuna piramidi, tuta la nyuzi zinazopeleka amri za kusogeza mikono na miguu. Pembeni yake kuna kinundu kiitwacho oliva. Neva ya 12, hipoglosi, inayoendesha ulimi, hutoka kwa vijizizi vingi katika mfereji ulio kati ya piramidi na oliva. Ya 9 na ya 10 hutoka nyuma ya oliva. Ninyi mmezipanga zote tatu safu moja, nyuma ya oliva. Mwanafunzi anayeamini hivyo atamwelezaje mgonjwa wa kiharusi ambaye ulimi wake, akiutoa, unapindia upande wenye kidonda cha ubongo, ilhali mkono na mguu vilivyolegea ni vya upande mwingine? Jibu liko kwenye ujirani wa piramidi na hipoglosi: kidonda kimoja hugusa zote mbili, ila nyuzi za piramidi huvuka upande chini zaidi, na hipoglosi haivuki. Modeli yenu imeuvunja ujirani huo.

Neva ya 6 nayo imesukumwa pembeni, ikabanwa na ya 7 na ya 8. Kweli zote huchomoza mpakani mwa ponsi, sehemu ya katikati ya shina, na medula, lakini ya 6 hukaa karibu na mstari wa kati, juu ya piramidi.

Ya 5 mmeitendea haki. Imetoka ubavuni mwa ponsi, na hata mzizi wake mdogo wa misuli umeonyeshwa. Fundi aliyeifanya anaijua kazi yake, na ndiyo maana nimeandika badala ya kwenda kununua kwingine.

Kijitabu chenu pia kinasema neva zote 12 hutoka kwenye shina la ubongo. Ya kunusa na ya kuona hazitoki hapo. Ziko juu zaidi. Na mizizi ya uti wa mgongo ya neva ya 11 huanzia shingoni, ikapanda na kuingia fuvuni kupitia tundu lake kubwa la chini.

Nilipopiga simu niliambiwa modeli zimefuata mchoro wa kiwanda. Basi naomba mchoro huo urekebishwe, tubadilishiwe modeli zote sita au turudishiwe fedha, na wateja wengine waliouziwa toleo hili waarifiwe, kwa kuwa wanafunzi wao wanakariri makosa haya haya hivi sasa. Wakati tunasubiri, nimezitoa darasani.

Nimeambatanisha picha za kila modeli, mbele na nyuma, pamoja na nakala ya stakabadhi. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Anatomia